Vidoti vyeupe kwenye projekta: joto linavyoua vioo vya DLP

Unatafuta projekta ya mtumba Kariakoo kwa ajili ya kibanda umiza? Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe na aonyeshe picha nyeusi tupu. Ukiona vidoti vyeupe kama nyota, usikubali kuambiwa ni vumbi la lenzi. Hapo kuna vioo vimeganda.

Vioo gani?

Projekta zilizoandikwa DLP zina chipu yenye vioo vidogo kuliko unene wa unywele. Aliyeibuni ni Larry Hornbeck wa Texas Instruments, Marekani, mwaka 1987. Chipu ya nukta 1280 kwa 800 ina vioo zaidi ya milioni 1. Kioo kikiinama upande mmoja, mwanga unaenda ukutani. Kikiinama upande wa pili, nukta inakuwa nyeusi.

Joto linatoka wapi?

Vioo hivi ni vya aluminiamu, na aluminiamu hairudishi mwanga wote. Kama asilimia 10 inabaki kuwa joto. Mwanga wa wati 50 ukipiga chipu, wati 5 hivi zinabaki kwenye eneo dogo kama ukucha. Kila kioo kimeshikwa na bawaba nyembamba mno, kwa hiyo joto lina njia finyu ya kushukia kwenye mgongo wa chipu, ambako feni inalipoza.

Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini chipu haifiki huko. Nyingi hazitakiwi kupita nyuzi 70 hivi kwa kazi ya muda mrefu. Zikizidi, bawaba inazoea kulala upande mmoja na kioo hakirudi tena. Sasa fikiria chumba kilichojaa watu, Dar ya Februari, na feni iliyoziba vumbi.

Vipi kuhusu leza?

Mwanga wa leza unaweza kukusanywa sehemu moja, vioo vichache vikabeba mzigo wote. Ndiyo maana projekta za leza husambaza kwanza mwanga kwenye chipu nzima. Mashine nyingi za leza za kuchora kwenye chuma hazitumii chipu hizi kabisa, zina vioo viwili vikubwa vinavyozungushwa na mota.

Ufanye nini?

- Safisha chujio la hewa mara kwa mara, na usiegemeze projekta ukutani.
- Usiache picha moja imesimama masaa mengi. Bawaba zinachoka upande mmoja.
- Mapumziko yakifika, picha nyeusi haipozi chipu, maana taa bado inawaka na vioo bado vinapigwa mwanga. Kama mapumziko ni marefu, zima.
- Ukizima, subiri feni isimame yenyewe ndipo uchomoe waya.

Kumbuka pia, projekta nyingi ndogo za bei ya chini ni LCD, hazina vioo hivi. Soma kwanza kibandiko.