Vitabu vya katuni: Takataka kwa mama, hazina kwa mwana

JE, msomaji, ulipokuwa mdogo uliwahi kufinywa sikio kwa sababu ya kuficha kitabu cha katuni ndani ya kitabu cha Hesabu? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi mimi nawe ni ndugu. Na ikiwa wewe ndiwe mzazi unayefinya masikio hayo leo, nakusihi usome makala haya hadi mwisho kabla hujatia kiberiti kitu chochote.

Mapenzi yangu kwa vitabu vya katuni yalianza nikiwa darasa la tatu. Mjomba wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na kuishi mtaa wa Makongeni, Nairobi, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Kila tulipomtembelea alilivuta nje, akatandika gazeti sakafuni na kunipa kitabu kimoja tu.

"Nawa mikono kwanza," alikuwa akiniambia.

Humo ndimo nilimokutana na Lance Spearman, mpelelezi wa Kiafrika mwenye kofia maridadi na sigara kubwa mdomoni. Hadithi zake zilitolewa na kampuni ya Drum katika jarida la African Film, miaka ya 1960. Hazikuwa michoro, bali picha zilizopigwa kwa kamera na kupangwa kama katuni, maneno yakiwa juu ya vichwa vya wahusika. Vijana wa Nairobi, Lagos na Accra walimsoma shujaa huyo mmoja, na mjomba aliniapia kwamba wapo waliouza viatu ili wasikose toleo jipya.

Mjomba alipostaafu na kurudi mashambani, alinikabidhi katuni zote. Nikazitia katika katoni ya sabuni na kuongeza zangu. Shuleni tulikuwa na soko letu: Tintin mmoja mwenye jalada zima alibadilishwa na vijitabu vitatu vya vita vya Commando. Siku za Jumamosi nilitembea hadi katikati ya jiji kwa wauza vitabu vya mitumba, yale maduka tunayoyaita "inama" kwa kuwa mteja sharti ainame ili achague vitabu vilivyotandazwa chini.

Kisha nikaenda shule ya bweni.

Nikirudi likizo ya kwanza, msomaji, nilikuta mvungu mtupu. Mama alikuwa amewashia jiko baadhi ya katuni zangu, na zilizosalia akampa mama muuza njugu aliyeketi kwenye lango la mtaa wetu.

"Si umeenda kusoma vitabu vya maana?" aliniuliza, bila ubaya wowote.

Jioni hiyo nilinunua njugu. Karatasi iliyozifungia ilikuwa na kofia ya Spearman. Nililia kama mtoto mchanga, na wakati huo sauti yangu ilikuwa imekwisha kuvunjika.

ADIMU KWA SABABU ZILITUPWA

Hata hivyo, nimejifunza kwamba mama yangu hakuwa peke yake. Chukua mfano wa Marekani, ambako uchu wa kukusanya katuni za kale umekuwa biashara kubwa. Mwaka 1938 toleo la kwanza la Action Comics, lililomleta Superman duniani, liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo ilipigwa mnada kwa dola milioni 6.

Kwa nini karatasi ya senti 10 ifikie bei ya jumba la kifahari? Jibu ni kwamba karibu kila mtu alitupa yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watoto wa Marekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu zikatengenezwe upya kusaidia vita, na katuni zao zikaenda humo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kuna miji iliyozichoma hadharani. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu akidai kwamba katuni huwapotosha watoto, na wazazi wakazidi kutia hofu. Zilizobaki zikatupwa na akina mama wakifagia vyumba vya wana wao waliokwenda jeshini au chuoni.

Lakini wapo walioweka. Mwaka 2025 nakala ya Superman namba 1, ya mwaka 1939, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9. Ilipatikana darini mwa nyumba huko California, na waliouza walikuwa ndugu watatu waliokuwa wakipanga vitu vya marehemu mama yao.

ZA KWETU JE?

Sitakudanganya kwamba utajenga nyumba kwa katuni za Kenya. Mimi sikusanyi kwa ajili ya fedha. Nakusanya kwa sababu humo mna sisi wenyewe.

Tazama jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na mwanahabari Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa jiji, akicheka ili asilie kwa dhiki za mshahara na kodi ya nyumba. Jarida hilo lilikufa mwaka 1979. Ukitaka kujua mkazi wa Nairobi wa wakati huo alicheka nini, hotuba za wakubwa hazitakwambia.

Katika miaka ya 1980 Hirst akatuletea Pichadithi, yaani picha na hadithi, mfululizo uliochora ngano za makabila yetu. Kisha kuna Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeifanya Nairobi kuwa nyumbani na kutuchorea Akokhan na Golgoti, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2012.

Nanyi wanafunzi msidhani ukale uko mbali. Shujaaz, iliyozungumza Sheng, ilianza mwaka 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti. Je, nyumbani kwenu liko toleo la kwanza? Nadhani lilifungia mandazi.

JINSI YA KUTUNZA

Karatasi ya katuni nyingi za zamani ni ya bei rahisi kama ya gazeti. Ina asidi ndani yake, na kadiri inavyopigwa na jua na hewa ndivyo inavyogeuka rangi ya chai na kuvunjika. Kwa hivyo:

• Weka kila kitabu ndani ya mfuko mwangavu wa plastiki wa kutilia karatasi, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Kisha vilaze au visimamishe ndani ya sanduku, mbali na jua na unyevu. Wakazi wa Mombasa wawe waangalifu zaidi.

• Usizibe mpasuko kwa utepe wa gundi. Baada ya miaka michache huacha doa la manjano lisilotoka.

• Usikate picha uipendayo. Kitabu kilichokatwa ni kama redio isiyo na betri.

• Angalia pini za katikati. Zikianza kushika kutu, unyevu umeingia.

• Andika katika daftari umekipata wapi na lini, wala usiandike juu ya jalada.

Zaidi ya yote, nawa mikono kwanza.

Desemba iliyopita mama alikuja kututembelea. Usiku alinikuta nikimsomea binti yangu katuni kutoka sanduku langu jipya. Alinyamaza, akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kitu kilichofungwa kwa leso. Kilikuwa kitabu cha Pichadithi cha Lwanda Magere, yule shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa katika kivuli. Kilikuwa changu, na jina langu la utotoni limo ndani.

"Wengine wote niliwatoa," alisema. "Lakini huyu ni mtu wa kwetu. Mama yangu alinisimulia habari zake. Singeweza kumfungia njugu."

Wahenga walisema akiba haiozi. Leo jioni, msomaji, kabla ya kulala, hebu inama uchungulie chini ya kitanda.