Ukitaka trauti, angalia kwanza msitu

Leo sina siasa wala Simba na Yanga, leo nina samaki. Nipo kafe hapa Kariakoo na dakika zangu zinakwenda, twende haraka.

Sisi wa mjini tunamjua samaki wa Feri: changu, kibua, dagaa. Kuna mwingine anaitwa trauti, anaishi kwenye vijito vya baridi milimani. Si wa asili yetu. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Uskochi, wakapandikizwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Baadaye akaja trauti wa upinde wa mvua. Na huku kwetu nao wakapandikizwa kwenye mito ya Kilimanjaro, Meru na nyanda za juu za Mbeya. Wamarekani wanaye wa kwao wa vijito, Salvelinus fontinalis, lakini wote hawa wanataka kitu kimoja: maji baridi na safi.

Mimi nilijifunza kwa kuumbuka. Nilinunua ndoana ndogo na mshipi hapa hapa Kariakoo, nikapanda basi hadi kwa mjomba wangu Rungwe. Siku ya kwanza nikajichagulia kijito mwenyewe, kipana, karibu na barabara. Kutwa nzima kapa! Jioni namwamkia mjomba, shikamoo, anaitikia marahaba huku anacheka. "Mwanangu, wewe umechagua barabara, hujachagua maji."

Kesho yake akanifundisha hivi.

Kwanza, ingiza mkono majini. Ukitamani kuutoa kwa baridi, hapo pana matumaini. Maji baridi yanabeba hewa nyingi, na trauti anaipenda hewa. Joto likizidi nyuzi 20 anaanza kuteseka. Ndiyo maana huwezi kumpata mto Msimbazi, hata uchafu wote ukiondolewa.

Pili, angalia chini. Unataka changarawe na mawe, siyo tope. Jike anafukia mayai kwenye changarawe, tope likitanda juu yake mayai yanakosa hewa yanakufa. Geuza jiwe moja. Ukikuta vijidudu vimeng'ang'ania, chakula kipo. Rudisha jiwe lako taratibu.

Tatu, kijito kiwe na maji mwaka mzima, hata kama unakiruka kwa hatua moja. Muulize mwenyeji kiangazi kinakuwaje. Tafuta maji yanayoporomoka halafu yanatulia kwenye shimo lenye kina. Samaki anakaa hapo ameelekeza kichwa maji yanakotoka, anasubiri aletewe chakula. Kwa hiyo wewe mfuate kutokea chini, kwa nyuma, uiname, usitupe kivuli.

Nne, na hili ndilo kubwa, inua macho uangalie juu kijito kinakotoka. Kuna msitu? Kivuli chake kinatunza baridi, mizizi inashika udongo, na ardhi yake inanywa mvua halafu inaitoa kidogo kidogo.

Kabla ya yote pitia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri uulize kibali, na kama ni hifadhi uliza wenye hifadhi. Halafu usimhamishe trauti kumpeleka kijito kingine, anakula vya wenyeji.

Siku hiyo nilipata mmoja, urefu wa kiganja. Nikamrudisha. Tukiwa njiani mjomba akanionyesha kile kijito changu cha jana. Alipokuwa mtoto, anasema, alikuwa anavua pale pale. Leo miti ya juu haipo, mashamba yamefika hadi ukingoni, maji ni ya moto na rangi ya chai ya maziwa.

Sasa mtu wa Gerezani atasema, trauti inanihusu nini? Inakuhusu bwana. Maji yetu mengi ya bomba yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unatoka milima ya Uluguru. Oktoba 2022 si mnakumbuka tulivyogawiwa maji kwa zamu, na madumu yalivyopanda bei? Mvua ilichelewa kweli, lakini mlima usio na miti hauna akiba ya kusubiria mvua. Dalili za kijito chenye trauti ndizo dalili za bomba litakalotoka maji.

Wewe kwenu mlimani kijito kikoje siku hizi? Toa maoni hapo chini. Dakika zimeisha, naondoka.