Kabla ya kumnunulia mtoto ‘uyoga wa akili’

Mitihani inapokaribia, makundi ya wazazi ya WhatsApp hayakosi tangazo la uyoga tiba. Ni vidonge, unga au pakiti za kahawa zinazodaiwa kuamsha ubongo wa mtoto, kumrudishia bibi kumbukumbu na kumpa baba usingizi mnono, vyote kwa kopo moja.

Muuzaji mara nyingi si mgeni. Ni jirani, mwenzako wa kikoba au mtu mnayesali naye, kwa kuwa nyingi ya bidhaa hizi husambazwa kwa biashara ya mtandao, ambako mnunuzi wa leo hushawishiwa kuwa muuzaji wa kesho. Ndiyo maana mzazi huona haya kuuliza maswali, hata pale fedha inayotakiwa ni ya matumizi ya nyumbani ya siku kadhaa.

Uyoga unaotajwa zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni ganoderma, ambao Wajapani huuita reishi na Wachina lingzhi. Ni mgumu kama gome la mti na mchungu, hivyo hauliwi kama mboga. Husagwa au huchemshwa, na ndio unaowekwa kwenye ile kahawa. Wa pili huuzwa kwa jina la Lion’s Mane, yaani manyoya ya simba. Ni mweupe, huota kwenye magogo na kuning’inia kama nyuzi, na huko Japani na China ni chakula cha kawaida.

Huu wa pili ndio wenye hoja kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanasayansi wa Kijapani Hirokazu Kawagishi na wenzake walipata ndani yake kemikali ambazo, zikiwekwa kwenye seli maabara, huzifanya zitengeneze zaidi protini inayosaidia neva kukua. Matangazo mengi huanzia hapo na kuishia hapo. Lakini seli iliyo kwenye kisahani cha maabara si mtoto anayejisomea hesabu saa nne za usiku.

Kwa binadamu, jaribio linalotajwa sana lilifanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2009. Watu 30 wenye umri wa miaka 50 hadi 80, walioanza kusahau, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza gramu 3 za unga wa uyoga huo kila siku kwa wiki 16, jingine likapewa vidonge visivyo na dawa. Waliokunywa uyoga walipata alama bora kwenye kipimo cha kumbukumbu. Wiki nne baada ya kuacha, alama zao zilishuka. Sentensi hiyo ya mwisho utaitafuta sana kwenye tangazo.

Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza waliwapima watu wazima 41 wenye afya, wa miaka 18 hadi 45. Saa moja baada ya kumeza gramu 1.8, walijibu kwa kasi zaidi kipimo kimoja cha umakini, ila vipimo vingine vingi havikuonyesha faida. Ganoderma nayo ilijaribiwa China kwa wagonjwa 42 wa alzeima kwa wiki sita. Matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliotumia na wasiotumia.

Majaribio yote hayo ni madogo, na hakuna hata moja kati yake lililohusisha watoto. Anayekuambia kipimo cha mtoto wa darasa la tano ni nusu kijiko asubuhi, hakukitoa kwenye utafiti huo.

Wa kuangaliwa zaidi nyumbani ni bibi na babu. Ganoderma inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa mtu anayetumia warfarin, aspirin au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, na kuna wagonjwa walioripotiwa kuumia ini baada ya kutumia unga wake. Anayesubiri upasuaji, au anayemeza dawa za presha na kisukari, amweleze daktari kila kitu anachokunywa, kahawa ya uyoga ikiwamo. Muuzaji akishauri dawa za hospitali ziwekwe kando kwanza, mazungumzo yaishie hapo.

Kisha kuna suala la kilichomo kwenye kopo. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza sampuli 19 za vidonge vya reishi vilivyouzwa Marekani walikuta 5 tu ndizo zilizolingana na kilichoandikwa kwenye lebo. Baadhi ya watengenezaji huotesha nyuzi za uyoga juu ya nafaka, kisha husaga vyote pamoja. Mteja anaweza kujikuta analipia wanga kwa bei ya dawa.

Kinachovutia ni kwamba uyoga wa kawaida wa kupika una habari yake pia. Singapore, watafiti wa chuo kikuu waliwachunguza wazee 663 wa miaka 60 na zaidi. Katika matokeo ya mwaka 2019, waliokula zaidi ya milo miwili ya uyoga kwa wiki, kila mlo gramu 150 hivi za uyoga uliopikwa, walikuwa na nusu ya uwezekano wa kuwa na dalili za kusahau kupita kiasi. Hilo halithibitishi kwamba uyoga ndio uliowalinda. Huenda wanaoula huishi vizuri kwa mengine pia. Lakini miongoni mwa uyoga uliohesabiwa umo mamama, ule ule unaolimwa kwenye mifuko ya plastiki na vikundi vya akina mama na vijana Tanzania.

Kwa mtoto anayesinzia darasani, fedha ya kopo hufanya kazi zaidi zahanati, kwenye kipimo cha damu, maana upungufu wa madini ya chuma huondoa umakini. Chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto. Mwanafunzi wa msingi anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, wa sekondari saa 8 hadi 10. Simu ilale sebuleni. Bibi anayeanza kusahau naye apelekwe hospitali, kwa sababu presha, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona na hata baadhi ya dawa huleta usahaulifu, na mengi ya hayo hutibika.

Mamama hupikwa haraka: uchane kwa mkono, ukaange na kitunguu na nyanya hadi maji yake yakauke, ule na ugali au wali. Uyoga wa porini usiotambuliwa na mtu anayeujua usiingie chunguni, kwani sumu ya ule hatari haiondoki kwa kuchemshwa.