Kabla hujanunua mbolea, lisome jani la kahawa

Msomaji, ikiwa una miti ya kahawa huko Runyenjes, Manyatta ama Nkubu, bila shaka hofu hii unaijua. Unaingia shambani asubuhi na kukuta majani yamegeuka manjano, na karo ya watoto inategemea miti hiyo hiyo. Mbio dukani, unarudi na gunia la mbolea. Ngoja kidogo.

Jiulize kwanza: manjano yameanzia wapi? Yakiwa kwenye majani ya zamani, nayo yamepauka jani zima, mti una njaa ya naitrojeni. Huwa hivyo hasa mti ukilemewa na matunda, au magugu yakiachwa yashindane nao. Hapo mbolea ya CAN na samadi iliyooza vizuri itasaidia. Lakini majani hayo yakibaki kijani kando ya mishipa, na katikati yake pakawa manjano, huenda kinachokosekana ni magnesiamu.

Majani machanga ya nchani nayo yana habari yake. Yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani kama wavu, mti umeshindwa kupata madini ya chuma. Hutokea mahali palipomwagwa majivu mengi ama chokaa kupita kiasi. Kutia CAN hapo ni kutupa pesa.

Sasa geuza jani. Wengi wetu hatufanyi hivyo! Madoa yenye unga wa rangi ya machungwa upande wa chini ni kutu, ugonjwa wa ukungu, na hakuna mbolea itakayouponya. Dawa ya kopa hunyunyizwa mapema, kabla mvua haijakolea. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka wa 1985, na Batian ya 2010 zilizalishwa zistahimili kutu. SL28 ya akina babu haina kinga hiyo.

Tena, udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya huelekea kuwa na asidi, na mbolea zenye amonia, zikitiwa miaka nenda miaka rudi, huizidisha. Gunia ulilonunua kuondoa manjano laweza kuyaongeza.

Udongo hupimwa, hata kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kahawa kule Ruiru. Chota sehemu mbalimbali za shamba, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini. Usichote palipokuwa na rundo la samadi ama ulipotia mbolea juzi, majibu yatakudanganya.