Robert Wyatt: Alipooza miguu, hakunyamaza

NILIPORUDI Burundi nikitokea Tanzania, nikiwa mwalimu mwenye vyeti vyangu mkononi, niliambiwa nianze upya kwa Kifaransa. Miaka yote ya kusomea ukimbizini ilionekana kama ya bure. Nilikumbuka machungu hayo niliposikiliza "Different Every Time", mkusanyiko wa kazi za Mwingereza Robert Wyatt uliotolewa mwaka 2014.

Wyatt, aliyezaliwa Bristol mwaka 1945, alikuwa mpiga dramu na mwimbaji wa Soft Machine, bendi iliyochanganya roki na jazi. Mkusanyiko unafunguliwa na "Moon in June" ya mwaka 1970, wimbo wa karibu dakika 20 usiofuata kanuni za redio.

Juni 1, 1973, akiwa kwenye sherehe jijini London, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Ndugu msomaji, mpiga dramu hutumia miguu kama anavyotumia mikono. Kazi aliyoijua iliishia pale.

Je, alikata tamaa? La hasha! Alirudi kwa kinanda na sauti yake nyembamba yenye huzuni. Mwaka 1974 akatoa albamu ya "Rock Bottom", iliyotayarishwa na Nick Mason wa Pink Floyd, na akafunga ndoa na Alfreda Benge, ambaye baadaye alimwandikia mashairi mengi. Mwaka huo huo, alipoalikwa kuimba katika televisheni, ulizuka mzozo kwamba kiti chake cha magurudumu hakifai kuonyeshwa. Alishikilia msimamo, akaimba akiwa amekikalia.

Diski ya pili inakusanya kazi alizoshirikiana na wengine, wakiwamo Björk na Elvis Costello. Costello ndiye aliyeandika maneno ya "Shipbuilding" ya mwaka 1982, kuhusu mafundi wanaopata ajira ya kuunda meli zitakazowapeleka vijana wao vitani Falklands. Mwaka 1985 Wyatt aliimba pia na waimbaji wa SWAPO kudai uhuru wa Namibia.

Kilichonigusa ni kwamba mkusanyiko huu haukuanzia baada ya ajali, wala haukuishia hapo. Dramu za kijana yule na kinanda cha mzee huyu vimewekwa pamoja. Nami sasa nafundisha kwa Kifaransa, lakini hesabu ninayofundisha nilijifunza kwa Kiswahili.