Inama, Utazame Chini ya Boti

Barafu ikishayeyuka kwenye maziwa ya Minnesota, boti zilizotumika huanza kuonekana mbele ya nyumba, kila moja na karatasi ya bei. Familia nyingi hutafuta pontuni: sitaha bapa yenye ukuta mfupi, iliyokaa juu ya maboya mawili marefu ya alumini. Asili yake ni huku huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ambrose Weeres wa mji wa Richmond alitandika jukwaa la mbao juu ya maboya ya chuma, akiamini lingetulia majini kuliko boti ya kawaida. Alikuwa sahihi. Bibi mwenye magoti mabovu huingia kwa kutembea tu, na watoto hula chakula chao bila chombo kuyumba.

Tuseme familia ya watu sita imepata mbili kwa bei zinazokaribiana. Moja ina futi 24, viti vimeshonwa upya, zulia jipya, mashine kuukuu ya kuchanganya petroli na oili. Ya pili ina futi 20, viti vimepauka na kupasuka, lakini mashine yake ni ya mipigo minne na haijafanya kazi kwa saa nyingi. Macho ya wote yatakimbilia ile ya kwanza.

Viti havielei. Fundi wa kushona atavirudisha, ila boya lililotoboka ni kazi ya mtu anayejua kuchomelea alumini, naye si rahisi kumpata. Piga magoti kando ya trela, upitishe mkono kwenye maungio. Maji yakiingia ndani ya boya na kuganda majira ya baridi, hutanuka na kupasua maungio hayo. Zulia jipya nalo linanitia shaka, kwa sababu huficha plaiwudi iliyooza. Kanyaga kwa kisigino langoni na karibu na mashine. Pakibonyea, jua sitaha nzima itang'olewa.

Mwombe muuzaji asiwashe mashine kabla hujafika, kisha uiguse ukifika. Mashine mbovu ikishapata moto huwaka vizuri, ikakudanganya. Legeza skrubu ya chini utoe oili ya gia kidogo: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshapenya. Halafu fundi apime mgandamizo wa kila silinda, vipimo visiachane sana.

Ukubwa pia hudanganya. Futi 24 hushika upepo mwingi, huhitaji gari lenye nguvu la kuvuta, na mashine dhaifu huhangaika nayo watu wakijaa. Watu sita wanatosha kwenye futi 20, nawe usome kibao cha uwezo kinachotaja idadi ya watu na uzito. Hapa sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi la kuokolea boti inapotembea. Mimi ningewavalisha wote.

Kwa hiyo maboya na sitaha vikiwa vizima, ningechukua ile yenye viti vilivyopasuka, na pesa za kuvishona ningezipunguza kwenye bei. Ila kwanza iteremshwe ziwani, familia nzima ipande, izungushwe nusu saa. Ikilalia upande mmoja hata mkisogea, huenda boya lina maji. Muuzaji akikataa safari hiyo, mshukuru na uondoke na pesa zako.