Tezi Ndogo za Shingo na Maradhi ya Figo: Mfano wa Pemba

Nyuma ya tezi ya shingo iitwayo dundumio zimo tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Ivar Sandström wa Uppsala alizieleza kwa mwanadamu mwaka 1880. Waganga huziita parathairoidi, na kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu.

Kisiwani Pemba habari hii yaweza kuanzia mbali na shingo. Kichocho, maradhi yaliyoenea sana huko katika karne ya 20, na ambayo maabara ya Ivo de Carneri ya Wawi imeyachunguza tangu ilipofunguliwa mwaka 2000, huweza kuziba mirija ya mkojo. Mkojo ukizuilika miaka mingi, figo huharibika. (Kisukari na shinikizo la damu hufikisha hapo hapo.) Figo mbovu hushindwa kutoa fosfati na kuitayarisha vitamini D, kalsiamu hupungua, na tezi zile hufanya kazi pasipo kupumzika hata zikakua. Kukua huku si saratani. Walakini mara chache mno moja yao hugeuka saratani, na hapo kalsiamu hupanda kupita kiasi: mgonjwa hushikwa na kiu, hufunga choo, fikira humchafuka. Kuzipambanua hali hizi mbili ni kazi ngumu hata kwa mwenye hadubini. Dalili ya yakini ni kupenya nyama za jirani na mishipa, au kuenea mbali. Tiba yake hasa ni kupasuliwa.

Ama majina, saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, sawa na karkinos la Kiyunani. Lakini mvuvi wa Pemba alisikiapo hamfikirii kaa wa mikokoni, na hapana hasara. Hasara imo katika tezi, neno litajalo kiungo na uvimbe pia. Asemwaye kuwa “ana tezi” hudhaniwa mgonjwa. Basi mwenye maradhi ya figo akiambiwa kwamba tezi zake nne zimekua, aweza kufahamu kuwa ana vivimbe vinne, naye ataombwa aridhie kisu shingoni. Ingefaa waandishi wa utabibu waliweke tezi kwa kiungo peke yake, na ukuaji wauite uvimbe, hata pale wenyeji wasemapo vingine.